Mama wa Safu ya Tatu

Kolwezi, kambi ya Dilala
Jumatatu

Kwako Yaya Muteba, kaka yangu mkubwa wa tumbo moja,

Nakuamkia kwa mikono miwili ingawa hunioni. Ule mguu uliojikata na jembe umepona, au bado unachechemea? Mihogo ya mwaka huu imetoka vizuri? Na mama mdogo, kile kikohozi chake cha asubuhi kimepungua? Hapa mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Ndivyo mtu anavyoandika ili watu wa nyumbani wasishtuke.

Lakini nina jambo, na nalisema mapema ili usilitafute katika karatasi yote. Bibi yangu Ngalula hayupo nyumbani. Ndugu zake wamemchukua. Mimba yake iko karibu kabisa, na wamesema hatarudi kwangu mpaka mtu wa kwetu aliye mkubwa wangu aje kusema maneno mbele yao. Baba amekufa, mjomba amekufa. Mtu huyo ni wewe, Yaya. Nimetafuta mwingine kichwani mwangu, sikumpata.

Sijasahau ulivyoniandikia nilipotaka kuoa. Ulisema kuna msichana wa kwetu Sandoa uliyeniwekea, na kwamba nikichukua Mukasai, mtu wa Kasai, nisikutafute tena kwa mambo ya ndoa. Barua ile ninayo, imo ndani ya sanduku chini ya shati la kanisani. Sikuandiki kwa sababu nimesahau. Naandika kwa sababu nimekwama.

Sababu ya haya yote ni sinema. Cheka kwanza, halafu endelea kusoma.

Kazi yangu unaijua, nilikueleza. Nazoa mawe yanayoanguka chini ya mkanda unaopeleka udongo wa shaba kwenye mashine. Mkanda hausimami, mawe hayasimami, na mimi sisimami. Siku sita vumbi linaingia puani na masikio yanalia hata nikiwa kitandani. Jumapili mchana ndio wakati peke yake ambapo watu wengine wanahangaika na mimi nimeketi. Kuna ukumbi kule Manika, karibu na soko. Si kama zile sinema za bapadri kwenye ukuta wa misheni, za kunawa mikono na kuua mbu. Hapa filamu zinatoka nchi zote za dunia, na mimi nazipenda, Yaya, kama wengine wanavyopenda pombe. Kiti changu ni safu ya tatu, kando ya nguzo. Mbele yake shingo inauma. Nyuma yake siwezi kusoma yale maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya picha.

Wakati wa baridi nilikuta mama mmoja ameketi karibu na nguzo ile. Mama mzima, kitambaa kichwani, karatasi ya karanga mapajani. Nilisimama nikamwangalia kama mtu anayeangalia kitanda chake kimelaliwa na mwingine. Akaniambia:

"Ikaa, tata. Kiti haina jina ya muntu."

Nikaketi upande wake. Hivyo tu.

Siku ile filamu ilikuwa ya watu wa farasi. Mtu mmoja anafika katika kijiji cha mbao kununua nyumbu, na filamu inapokwisha kijiji kizima kimebaki na watu wanne. Wote wanagombea mgodi wa dhahabu. Sasa nikuambie ninavyoona mimi ninayetumika mgodini: mgodi wao ni tundu la panya. Sepetu ni mpya, hakuna hata mmoja anayekohoa, na bastola zinalia kutwa lakini sururu hailii hata mara moja. Nilisema hayo kwa sauti ndogo, peke yangu. Yule mama akajibu bila kugeuka:

"Ule farasi njo anatumika peke yake."

Nilicheka mpaka watu wa nyuma wakaninyamazisha. Ilikuwa kweli kabisa. Farasi ndiye mfanyakazi mmoja tu katika filamu nzima, na ndiye aliyepigwa risasi kwanza. Akaninyooshea karatasi ya karanga, nikachota.

Jumapili iliyofuata alikuwa palepale, na kiti changu ameweka kitambaa chake ili mtu asikikalie. Ilikuwa filamu ya Wachina wanaopigana kwa mikono. Kijana mwalimu wake ametiwa sumu, kijana anapanda mlima na mitungi miwili ya maji kila siku kwa miaka ili mikono yake iwe migumu. Hiyo niliipenda. Filamu nyingine mtu anajua kila kitu tangu asubuhi, lakini huyu alijifunza, alianguka, alivunja mitungi, alilia. Kilichoniudhi ni mwishoni: watu arobaini wanamzunguka, lakini wanamwendea mmoja mmoja.

"Angalia," mama akasema, "banangoja zamu sawa ku posho."

Siku hiyo ndipo tulipogundua namna yetu ya kuangalia. Yeye hajui kusoma. Mimi najua, lakini unajua shule yangu iliishia wapi. Maandishi yale yanapita mbio. Nikifika katikati ya mstari, mstari umekwenda. Basi mimi nilikuwa namsomea nusu ya kwanza, na yeye, akiangalia nyuso za wale watu, ananiambia nusu ya pili. Nasoma, "Mwalimu wako hakufa kwa ugonjwa, ali..." na maneno yanafutika, naye anasema, "Aliuliwa na ule mwenye ndevu, angalia vile anameza mate." Na ndivyo ilivyokuwa. Sikuwahi kumkuta akikosea. Kwa kila filamu aliuliza swali moja: "Na mama yake? Mama ya uyu kijana iko wapi?" Kama filamu haina mama, aliona imetengenezwa na watu wavivu. Nilipomwambia labda mama amekufa, akajibu, "Basi baonyeshe kaburi. Bwana atapigana miaka yote bila kula? Nani anapika?" Tangu hapo hata mimi siwezi kuangalia vita bila kujiuliza ni nani anayepika.

Ya tatu ilikuwa ya Wafaransa. Hii watu waliichukia. Mwanaume na bibi yake wako jikoni. Anavaa koti, anasema anaondoka. Anavua koti. Wanavuta sigara. Anavaa koti tena. Watu walitupa maganda ya karanga kwenye picha, mmoja akapiga kelele, "Enda basi, shiye tunachoka!" Nusu ya ukumbi ikatoka nje. Tulibaki sisi wawili na wachache waliosinzia. Maneno yao ni ya upesi, nilishika machache, nikamwambia mama kwamba hawa wanaachana.

"Habataachana," akasema.

"Mama, amesema mwenyewe anaenda."

"Weye unasikia kinywa. Miye naangalia shati. Ile shati amepigiwa pasi leo asubuhi, mpaka ku kola. Mwanamuke anafukuza bwana, atamupigia pasi?"

Na kweli, Yaya, filamu ilipokwisha koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeimba, na mimi naona ni filamu bora kuliko zote nilizoziona tangu nifike Kolwezi. Nilitembea mpaka Dilala nikiifikiria. Lakini peke yangu nisingeona shati.

Sasa kosa langu. Nilifika nyumbani nimejaa maneno, nikamweleza Ngalula. Nikamwambia kuna mama mmoja kule sinema mwenye akili kupita watu wote, anaona kila kitu, ananiwekea kiti, ananigawia karanga. Nilisema kama mtu anayesifu timu yake ya mpira. Ngalula alikuwa anachambua matembele, akaacha.

"Anakuwekea kiti?"

"Kwa kitambaa chake."

"Na karanga."

"Karanga tu, Ngalula. Ni muntu mukubwa, sawa mama."

"Bote banakuwaka sawa mama mwanzo," akasema, akaendelea na matembele yake. Nikadhani yamekwisha.

Hapa nikukumbushe kitu kimoja. Desturi ya ukwe kwao ni ileile ya kwetu. Mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye, hali mbele yake, mpaka siku wakubwa watakapokaa na kumfungulia njia. Sisi siku hiyo haijafika. Mama yake Ngalula alikuwa kwao Kasai wakati tunaoana. Amekuja mwaka huu kungojea mtoto, na amefikia Manika kwa mwanaye Kabeya, shemeji yangu, yule karani. Mimi nikienda kwa Kabeya, mama anaingia chumbani. Yeye akija Dilala kumwona binti yake, mimi natoka kwa mlango wa nyuma kabla hajabisha. Miezi miwili tumefanya hivyo, na Kabeya mwenyewe alinisifu mbele ya watu kwamba kijana wa Sandoa anajua heshima. Nimeona mgongo wake mara moja, kwa mbali. Uso wake sikuujua. Wala yeye wangu.

Naona umekwisha kuelewa.

Jumapili ya nne walileta filamu ya Wahindi. Mjane anayefua nguo za watu anamlea mtoto wa yule tajiri aliyemfukuza mumewe, na mtoto hajui. Wahindi mimi nawapenda lakini wana tabia yao: mtu akipendwa anaimba, akifukuzwa anaimba, akipoteza mbuzi anaimba. Ila yule mama mfuaji alipoimba akiwa amepiga magoti kwenye jiwe la kufulia, mikono ndani ya maji ya sabuni, ukumbi wote ulinyamaza, hata wale wa maganda. Mama wa kando yangu alikuwa analia bila kujificha. Mimi pia. Nilikuwa nasoma nusu zangu kwa sauti mbaya ya machozi, naye ananipa nusu zake.

Pale mashine ni moja tu. Kila bobini, lile gurudumu la filamu, ikiisha wanawasha taa, wanaweka nyingine. Taa ziliwaka. Ngalula alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja peke yake kutoka Dilala, kwa miguu, na tumbo lile. Akashuka katikati ya viti, mkono mmoja mgongoni, na watu wakampisha. Alisema kwa nguvu kabla hajafika:

"Iko wapi uyu mwanamuke wa karanga? Asimame nimuone!"

Watu wakashangilia. Mama akageuka.

Sijui nikuandikieje uso wa Ngalula. Alisimama mdomo wazi, halafu akasema polepole, kama mtoto: "Mama?"

"Ngalula, na hii tumbo unafuata nini huku?"

"Mama. Uyu njo bwana yangu."

Mama aliniangalia mara moja tu, kwa mwanga wa taa, kisha akavuta kitenge akafunika kichwa chote, akajikunja pale kwenye kiti kama mtu anayepigwa na mvua. Na mimi nilikuwa na karanga mkononi, Yaya. Kutoka karatasi yake. Jumapili nne nimekula naye katika karatasi moja, nimecheka naye, nimelia naye bega kwa bega. Mtu mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Leo filamu mbili kwa tikiti moja!" na ukumbi wote ukaangua kicheko. Niliruka viti. Nilitoka nje juani na kutembea bila kujua ninakokwenda mpaka nikajikuta nje ya mji, kwenye barabara ya vumbi.

Kesho yake nilipotoka kazini nyumba ilikuwa imefagiwa na nguo za Ngalula hazipo. Kabeya alikuwa ananingoja mlangoni. Si mtu mbaya. Alisema mama hali chakula, amelala akiangalia ukuta, na anarudia neno moja tu: aibu. Wazee wao waliopo Manika wamekaa. Wanasema jambo hili lisipotengenezwa linaweza kufunga njia ya mtoto tumboni. Mimi nilisoma darasa la nne, na nimeona filamu za madaktari, sijui niamini nini. Lakini Ngalula anaamini. Anaogopa. Na mwanamke anayekaribia kuzaa huku anaogopa, hilo si jambo la kubishana naye.

Siku chache baadaye nikafanya kosa la pili. Nikatafuta mbuzi jike na kitenge kizuri, nikavaa shati la kanisani, nikaenda mwenyewe. Niliona nimefanya kama mwanaume. Wazee watatu walikuwa wamekaa uani kwa Kabeya. Mkubwa wao akamwangalia mbuzi, akaniangalia mimi.

"Nani amekuleta?"

"Nimekuja miye mwenyewe, tata."

"Miye mwenyewe! Bukwe unaileta na kamba sawa bintu ya soko? Iko wapi mukubwa wako?"

"Iko Sandoa."

"Na ule Tata Ngoie, alikuja ku ndoa, alisema njo baba yako mudogo?"

Hapo nilivuta kamba ya mbuzi. Nikuambie ukweli, kwa sababu hukuwapo: siku ya ndoa, kwa vile ulikuwa umekataa, nilimwomba Tata Ngoie tuliyetumika naye chini ya mkanda asimame kama baba. Watu wengi wa kambi wanafanya hivyo. Mtu ambaye ndugu zake wako mbali anaazima mkubwa. Alisema maneno mazuri, alikunywa, alicheza. Sasa amepumzishwa kazi, amerudi kwao Kongolo.

"Nauliza tena. Alikuwa baba yako mudogo?"

"Hapana, tata. Tulitumika pamoja."

Wale wazee hawakukasirika. Ingekuwa afadhali. Walitazamana tu, na mkubwa akasema kwa upole, "Basi hii muntoto wetu tulimupatia nani?" Nikarudi Dilala na mbuzi wangu nyuma. Njiani watu waliuliza kama namuuza.

Nikaenda kwa kapita, msimamizi wetu, kuomba konje, ruhusa ya siku chache, nije kukuchukua mwenyewe. Akauliza ni nani amekufa. Nikasema hakuna aliyekufa. "Bibi anagonjwa?" Hapana, ni mzima. "Sasa konje ya nini, sitwayen?" Nikaanza kumweleza mambo ya sinema na mama mkwe. Alisikiliza yote, alishika tumbo kwa kucheka, aliita wenzake wawili nirudie mwanzo. Halafu akafuta machozi, akasema, "Rudia kazi." Nikarudi chini ya mkanda. Hadithi ilifika kabla yangu. Sasa nikipita wananipigia miluzi na kuninyooshea karanga.

Kwa hiyo nakuomba, Yaya. Panda lori mpaka Kasaji, hapo utapata treni ya kuja Kolwezi. Nitakupokea stesheni. Utakaa kwenye kiti, utasema maneno uliyosikia Baba akisema, na utawaambia kwamba wewe ni

Alhamisi

Niliacha hapo kwa sababu zamu ilinifika, na juzi na jana sikuweza kuandika.

Mtoto amezaliwa. Nilipotoka kazini jana, jirani yetu Mama Tshala alikuwa ananisubiri getini, akanikamata mkono: "Ngalula amezaa asubuhi. Bote wako bazima." Sikubadilisha hata nguo. Nilikimbia mpaka maternite na vumbi lote mwilini.

Wanawake wanalala katika chumba kirefu chenye mlango mmoja. Mlangoni, juu ya mkeka, na beseni na termosi ya uji, alikuwa ameketi mama mkwe. Na angekaa wapi kwingine? Binti yake amezaa, yeye ndiye wa kumwosha na kumlisha. Aliniona mimi nilipomwona yeye. Alifunika uso, mimi nikageuka nyuma ya ukuta. Alitaka kusimama anipishe, nilisikia mkeka, lakini hakuna njia ya kutoka ila kupitia pale nilipo, na hakuna njia ya mimi kuingia ila kupitia pale alipo. Tulikaa hivyo, ukuta katikati. Nilimsikia anavuta pumzi. Nadhani alikuwa analia, lakini sasa sina ruhusa hata ya kudhani.

Nesi mmoja alitoka na ndoo, akanikuta kwenye bomba la maji, kando ya ukuta ule.

"Weye njo baba ya muntoto? Ingia basi, bibi anakuuliza."

"Siwezi."

"Juu ya nini?"

"Mama mukwe iko ku mulango."

Nilifikiri atacheka kama wengine. Hakucheka. Alisema "Aa," akaweka ndoo chini kidogo, akanitazama. "Ni mwanamuke. Ana nywele mingi." Kisha akachukua ndoo yake akaenda.

Nilisimama kwenye bomba lile mpaka jua likashuka. Kupitia dirishani nilisikia mtoto analia, lakini mle ndani wako watoto wengi, sijui alikuwa yupi.

Jioni Kabeya alipita Dilala. Amesema Ngalula amezaa salama na wanamshukuru Mungu, lakini neno lao halijabadilika. Na kuna jina. Mtoto wa kwanza anapewa jina na watu wa baba yake, siku kitovu kinapoanguka. Wao wanalijua hilo na wanaliheshimu. Watangojea mpaka siku hiyo. Asipokuja mtu wa kwetu, watampa jina la kwao, ndilo litakaloandikwa komini, kwenye daftari la serikali, kwa sababu mtoto hawezi kubaki kama kitu kilichookotwa. Ningekuwa wao, ningesema hivyohivyo.

Nimehesabu kwa vidole. Lori linalochukua barua hii linaondoka kesho. Mpaka likufikie, mpaka ujifunge safari na mguu huo, mpaka Kasaji, mpaka ungojee treni, kitovu kitakuwa kimeanguka zamani. Hutawahi, Yaya. Najua unaposoma hapa jina limekwisha kutolewa, na si la mama yetu wala la shangazi. Naandika hata hivyo. Sina kazi nyingine ya kufanya kwa mikono yangu kuhusu jambo hili.

Lakini baada ya jina anabaki bibi yangu, na anabaki mtoto. Hayo yanaweza kungoja mguu wako. Sikuombi unisamehe ndoa. Kama hasira bado iko, njoo nayo. Unigombeze stesheni mbele ya watu, unigombeze njiani, unigombeze mbele ya wale wazee, watafurahi kuona nina mtu wa kunigombeza. Mbuzi yupo, kitenge kipo. Kinachokosekana ni wewe kwenye kiti.

Sinema sijaenda tena. Wanasema Jumapili hii kuna nyingine ya Wahindi, ndefu. Mama naye nasikia haendi.

Msalimie bibi yako, mama wa nyumba, na umwambie asikuzuie. Wasalimie watoto wako wote, hasa yule mkubwa wa misheni anayekusomea barua hizi ukichoka macho. Shangazi yetu wa ng'ambo ya mto, mpe heri zangu na umwambie sijasahau mkeka wake. Msalimie katekista aliyenifundisha kuandika. Mama mdogo mwambie amepata mjukuu, ni mwanamke, ana nywele nyingi. Atakuuliza amefanana na nani. Mwambie sijui, sijamwona.

Ni mimi, mdogo wako,
Kasongo